Chombo, Mto na Bara: Mashua ya Lady Alice na Bonde la Lowa Lisilotazamwa (1874–1877)

Mvua inyeshayo Pinga, pale wilaya za Masisi na Walikale zinapokutana katika Kivu ya Kaskazini, haiendi katika maziwa yaliyo upande wa mashariki. Maji yake huteremka na mto Oso, Oso ukaingia Lowa, nao Lowa ukapenya msitu kuelekea magharibi hadi kumiminika katika Lualaba, kati ya Kindu na Ubundu. Kwa hiyo mtu wa Pinga, apende asipende, ni mtu wa Lualaba kwa njia ya maji, ingawa kwa njia ya barabara na soko uso wake umeelekea Goma.

Katika siku zile mwaka 1876 ulipokuwa ukimalizika na 1877 ukianza, msafara wa watu 149 ulipita mbele ya mlango wa Lowa ukiwa katika mitumbwi na mashua moja iitwayo Lady Alice. Mlango huo uliandikwa katika daftari ya safari na kuchorwa katika ramani. Juu ya mlango huo, katika nchi za Warega, Wakumu, Wakano, Wanyanga na Wahunde, hakuna aliyepanda kutazama. Historia inayofundishwa mashuleni husema kwamba safari hii ndiyo iliyofungua bara la Kongo. Swali linalostahili kuulizwa ni jepesi kulitamka lakini zito kulijibu: watu waishio ndani ya chombo huona nini katika nchi wanayoipita, na ni nini kinachowafanya wasione zaidi?

Chombo chenyewe kinajulikana vizuri. Henry Morton Stanley alikiagiza kwa mjenzi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Kilikuwa cha mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, upana wa futi 6 na kina cha inchi 30, nacho kiligawanywa katika vipande vitano vya futi nane kila kimoja ili kiweze kuchukuliwa vichwani na mabegani. Jina lake lilikuwa la Alice Pike, msichana wa Marekani ambaye Stanley alikuwa amemposa, na ambaye aliolewa na mtu mwingine safari ikiwa bado inaendelea. Vipande vilipofika Zanzibar vilionekana kuwa vizito kupita nguvu za wapagazi, ikabidi fundi seremala avikate upya na kuvipunguza. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara uliondoka Bagamoyo, na mashua ikaanza safari yake kama ianzavyo mizigo yote ya bara, yaani kwa miguu ya watu.

Jambo hili la mashua kubebwa si la kupuuzwa. Lady Alice ilikaa siku nyingi mabegani mwa watu. Wachukuzi wake walichaguliwa miongoni mwa wenye nguvu zaidi, na katika msitu walilazimika kutanguliwa na watu wa mashoka, kwa sababu njia iliyomtosha mtu mwenye mzigo wa ushanga haikukitosha kipande cha mashua.

Kwa nini basi taabu yote hiyo, ilhali kando ya Lualaba kulikuwa na mitumbwi mamia kwa mamia? Jibu liko Nyangwe. David Livingstone alifika huko mwishoni mwa Machi 1871 akitaka kuufuata mto ajue uendako. Akakaa miezi zaidi ya mitatu akiomba mtumbwi. Wagenya, wavuvi na wenye mto, hawakumpa. Walikuwa na sababu: kila mgeni aliyevushwa ng'ambo alirudi na watu waliofungwa, au aliacha vijiji vikiwaka. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walilifyatulia risasi soko la Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuwa wamekuja kuuza samaki na vyungu, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama. Livingstone akarudi Ujiji kwa miguu. Agosti 1874 Verney Lovett Cameron alifika mahali hapohapo, naye akashindwa kupata mitumbwi. Akashika njia ya kusini-magharibi hadi pwani ya Angola.

Vitabu vingi huhesabu kukataa kwa Wagenya kuwa kikwazo cha uvumbuzi. Ingefaa kukuhesabu kuwa uamuzi wa kisiasa, tena uliofaulu kwa miaka kadhaa. Mwenye mtumbwi ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango wa mto. Lady Alice ililetwa ili mlinzi huyo asiulizwe tena, na maana hiyo ya chombo haibadiliki hata mtu akisifu namna gani ushujaa wa waliokipanda.

Maisha ya ndani ya mashua yalijaribiwa kwanza katika maziwa. Tarehe 8 Machi 1875 Stanley aliondoka Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria, pamoja na mabaharia kumi na mmoja, akalizunguka ziwa lote kwa siku 57. Mashua haikuwa na sitaha wala chumba. Mchana watu walivuta makasia au walitweka tanga. Jioni walitafuta kisiwa au ghuba iliyofichika, wakashuka, wakawasha moto, wakapika walichonunua kwa shanga na nguo, wakalala kwa zamu. Mvua ikinyesha usiku walikuwa na turubai tu. Chakula hakikuweza kuwekwa cha siku nyingi, kwa hiyo kila baada ya siku mbili au tatu chombo kilihitaji nchi kavu, na nchi kavu ilikuwa na wenyewe. Hapo ndipo penye fundo la habari yote. Chombo humpa msafiri ndoto ya kutomtegemea mtu, lakini tumbo humrudisha ufukweni kila mara, akiwa mgeni asiye na mwenyeji.

Kisa cha Bumbire ndicho kielelezo. Tarehe 28 Aprili 1875 mashua ilikaribia kisiwa hicho ikiwa na njaa. Watu wa kisiwa waliikamata, wakaiburuta nchi kavu na mabaharia wakiwamo ndani, wakachukua makasia. Safeni, mshika usukani, alitumwa na kurudi mara kadhaa akisema kwa upole na kutoa zawadi. Mwishowe mabaharia waliisukuma mashua majini kwa nguvu, risasi zikapigwa, na kwa kuwa hawakuwa na makasia waling'oa mbao za sakafu ya mashua wakapigia makafi. Usiku ukawakuta ziwani katika dhoruba, bila chakula. Agosti 4 mwaka uleule Stanley alirudi Bumbire na kundi kubwa la mitumbwi, akawapiga risasi watu wa kisiwa waliokuwa ufukweni, akiwa yeye majini mbali na mishale yao. Barua zake kuhusu jambo hilo zilileta kelele Uingereza hata wakati ule. Mwanahistoria anayetaka kujua jinsi mapigano ya Lualaba yalivyotokea hana haja ya kungoja Lualaba: yote yalikwisha kuonekana Bumbire.

Ziwa Tanganyika lilizungukwa kwa siku 51, kuanzia 11 Juni hadi 31 Julai 1876, hasa kwa ajili ya kuuchunguza mto Lukuga, ambao Cameron alikuwa amesema ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa. Safari hiyo ilikuwa ya utulivu zaidi, kwa sababu Ujiji palikuwa na watu waliolijua ziwa na bandari zake. Pale palipokuwa na wajuzi, chombo kiliishi kwa amani.

Mwezi Oktoba 1876 msafara ulifika Manyema, na karibu na Kasongo ukakutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mapatano yao yamesimuliwa mara mbili, na wasimulizi hawapatani. Stanley ataja dola 5,000 kwa ajili ya miendo sitini. Tippu Tip, katika wasifu wake alioutunga kwa Kiswahili na uliochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini, anayaeleza mambo kwa jicho la mfanyabiashara aliyeombwa na mgeni mwenye haraka. Kwa wanafunzi wa Kiswahili wasifu huo una thamani ya pekee: ni nadra safari ya namna hii kuwa na ushahidi ulioandikwa katika lugha ya wasafiri walio wengi. Maana lugha ya Lady Alice ilikuwa Kiswahili. Stanley alitoa amri kwa Kiswahili, Frank Pocock, kijana wa Kent, alijifunza kukisema njiani, na mabaharia waliimba na kugombana kwa lugha hiyohiyo.

Tarehe 5 Novemba 1876 waliondoka Nyangwe na kuingia msituni, kwenye ukingo wa mashariki wa mto. Tarehe 19 walitokea Lualaba, vipande vya mashua vikaunganishwa, na kuanzia hapo msafara ukagawanyika. Kundi dogo lilishuka na mashua. Kundi kubwa, pamoja na Tippu Tip, lilifuata nchi kavu, na ilipatanwa kwamba makundi mawili yakutane jioni ukingoni. Mpango huo ulionekana mzuri kwa kuusema. Mto hauna miiba, msitu unayo. Mashua ilifika na kungoja, siku moja, siku mbili, huku watu wa nchi kavu wamepotea katika njia za tembo. Penye makutano ya mto Ruiki, Stanley aliupanda mto huo kwa mashua kuwatafuta, na kwa muda aliokuwa hayupo kambi aliyoiacha ikashambuliwa.

Watu wa nchi kavu walipopatikana walikuwa wagonjwa. Ndui, kuhara damu na vidonda viliwaangusha wengi, wala haikuwezekana kuwabeba katika msitu. Mitumbwi mibovu iliyookotwa ilizibwa, ikafungwa miwili miwili, na wagonjwa wakalazwa humo wakishuka na mto. Hospitali hiyo ielekayo ni mojawapo ya sura za safari zisizotajwa sana, labda kwa sababu haina bunduki wala bendera. Karibu kila siku maiti ilitupwa mtoni.

Katika Vinya-Njara, mnamo Desemba, mapigano yalidumu kwa siku kadhaa. Usiku mmoja wa mvua mabaharia walivuka kimyakimya na kuifungua mitumbwi ya wapinzani wao ikachukuliwa na maji hadi kwa wenzao waliokuwa wakiingoja. Asubuhi wenye mto hawakuwa na chombo. Amani ilifanywa kwa kuchanjiana damu, baadhi ya mitumbwi ikarudishwa, na zaidi ya ishirini ikabaki mikononi mwa msafara. Ikapewa majina: mmoja London Town, mwingine Crocodile, na kadhalika. Kile ambacho Wagenya walimnyima Livingstone kwa maneno, wenzao wa chini ya mto walinyang'anywa usiku. Siku ya Krismasi palifanywa mashindano ya mitumbwi na ya mbio. Tippu Tip alishindana na Frank Pocock kwa miguu, akamshinda. Tarehe 28 Desemba walipeana mikono ya kuagana. Tippu Tip akarudi. Watu 149, wakiwamo wanawake na watoto, wakapanda vyombo.

Kuanzia siku ile hapakuwa tena na kundi la nchi kavu. Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kabla yake kulikuwa na jicho moja majini na jingine barani, japo la bara lilikuwa limechoka. Baada yake msafara mzima ulikuwa majini, na bara likawa ukingo tu: mstari wa miti, moshi, sauti ya ngoma za mbao zikipeleka habari mbele ya vyombo. Mlango wa Lowa ulipitwa katika siku hizo. Mto mkubwa uliotoka mashariki, kutoka milima ambayo hakuna aliyeitazama, ulikuwa alama ya kuandika upana na mwelekeo, kisha makafi yakaendelea. Siku chache baadaye walisikia mngurumo wa maporomoko ya kwanza kati ya saba, na Januari yote ikapotea katika kuburuta mitumbwi msituni chini ya mishale.

Hapa lugha inatoa ushahidi ambao wanahistoria hawajautumia vya kutosha. Katika masimulizi na ramani ya Stanley, nchi za msitu zimeandikwa kwa vipashio vya Kiswahili: Uregga ndiyo nchi, Waregga ndio watu wake. Wenyewe hawakutumia U- na Wa- za namna hiyo. Ni masikio na ndimi za Wangwana zilizolipitisha jina hadi likafika karatasini. Kila jina la aina hii ni alama ya mazungumzo yaliyofanyika, ya mtu aliyeuliza na mtu aliyejibu, na mkalimani aliyesimama kati yao. Kadiri vyombo vinavyoshuka, majina hayo yanapungua, na badala yake huja vijiji visivyo na majina na watu waitwao maadui tu. Wakalimani walikuwa wamefikia mwisho wa lugha walizozijua. Ni Februari 1877, huko Rubunga, ambapo mazungumzo yaliwezekana tena, na mzee mmoja alipoulizwa mto ule unaitwaje akajibu kwamba ni Ikutu ya Kongo. Ndivyo Stanley alivyothibitishiwa mto alioufuata ni upi, kwa jibu la swali lililoulizwa kwa adabu. Hata hivyo yeye aliuandika kwa jina la Livingstone. Jina hilo halikuishi.

Mtu anaweza kuitetea mashua kwa kusema kwamba watu wenye njaa na wagonjwa hawana nafasi ya kufanya utafiti. Utetezi huo una haki yake, hasa kwa mabaharia ambao hawakuichagua njia. Kalulu alikufa katika mtumbwi wa Crocodile uliopotea kwenye maporomoko tarehe 28 Machi 1877. Frank Pocock alizama tarehe 3 Juni. Safeni, yule aliyesema kwa upole huko Bumbire, alirukwa na akili bahari ilipokuwa karibu, akaingia porini na kasuku wake, asionekane tena. Tarehe 31 Julai mashua iliachwa juu ya mwamba karibu na maporomoko ya Isangila, na tarehe 9 Agosti waliosalia walifika Boma kwa miguu. Lakini kuwahurumia wasafiri ni jambo moja, na kukubali kwamba nchi ambayo hawakuikanyaga ilivumbuliwa nao ni jambo jingine kabisa.

Bonde la Lowa lilifikiwa na wageni kwa namna nyingine. Baada ya 1877 wafanyabiashara wa Kingwana walishuka Lualaba kwa njia iliyokwisha kufunguka. Kirundu pakawa kituo cha Hamadi bin Ali aitwaye Kibonge, na kutoka vituo vya mtoni makundi ya pembe na watumwa yakaingia msitu wa mashariki kwa miguu. Kiswahili kilipanda nao. Ndiyo sababu mojawapo ya jina Kingwana kuendelea kutumiwa kwa Kiswahili cha Kongo miaka mingi baada ya Wangwana wenyewe kushindwa katika vita vya 1892 hadi 1894. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alitoka Rwanda, akapita Ziwa Kivu, akakata msitu kwa miguu kuelekea magharibi na kutokea Lualaba, Kirundu, mwezi Septemba, yeye na wapagazi wake wakiwa wameshindwa kwa njaa. Alivuka pale ambapo vyombo vilikuwa vimepapita kwa nje, na safari yake ilionyesha kwamba kati ya maziwa na mto palikuwa na watu, mashamba, vivuko na njia zinazojulikana. Hata yeye aliona upana wa njia yake tu.

Wenye nchi walikuwa na habari zao za mto na chombo. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga husimulia mtoto aliyekataliwa na baba yake, Shemwindo wa Tubondo, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Ngoma hiyo haikuwa jeneza. Mtoto alisafiri ndani yake chini ya maji hadi alikoolewa shangazi yake Iyangura, kwa Mukiti, joka la majini. Alipotoka katika ngoma alikwenda kwa miguu, katika vijiji na hata kuzimu, akijadiliana na kila mwenye mahali. Mwaka 1956 Shekarisi Rureke, wa kijiji cha Bese, aliutamba utendi huo kwa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kilichohaririwa pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, kilitoka mwaka 1969. Ilikuwa imepita miaka themanini hivi tangu Lady Alice ipite mbele ya mlango wa Lowa, ndipo mtu mmoja alipokaa kitako Unyanga, juu ya mto uleule, kusikiliza na kuandika.